Je, Wajua? Paja Lako ni Akiba ya Ngozi Yako

Je, wajua kwamba mtu aliyepandikizwa ngozi mara nyingi hulalamikia paja kuliko kidonda chenyewe? Ameungua mkono, daktari amechota ngozi pajani na kuilaza mkononi, na kesho yake muuguzi akimwuliza panapouma, anaonyesha paja. Hajachanganyikiwa. Moto ulioingia ndani sana huua hata neva za mahali hapo, kwa hiyo kidonda kibaya kinaweza kuwa na maumivu machache. Paja lililochotwa limebaki na ncha za neva zilizo hai na zilizo wazi, na kila upepo unaozigusa mgonjwa anausikia.

Na wajua kwamba paja hilo halishonwi? Kisu maalumu, ambacho wataalamu hukiita dematomu, huchota utandu wenye unene wa kati ya milimita 0.2 na 0.4. Ngozi ya chini hubaki mahali pake, na ndani yake mna vishimo vya vinyweleo na vya jasho. Kuta za vishimo hivyo zimejaa seli zinazoweza kutengeneza ngozi ya juu. Huzaliana, hupanda, husambaa, mpaka kila kishimo kinakutana na jirani yake na paja linafunikwa. Wiki 2 hivi zinatosha. Ikihitajika ngozi zaidi baadaye, daktari anaweza kurudi kuchota palepale.

Kichwani ndipo panapopona upesi zaidi. Damu ni tele, nywele zimesongamana, na mizizi yake imekaa chini kuliko kisu kinapofika. Kichwa kikinyolewa na kuchotwa ngozi, nywele huota tena na kulificha kovu, ilhali utandu uliopelekwa shavuni kwa kawaida hauoti kitu. Kwa mtoto aliyeungua sehemu kubwa ya mwili, kichwa huchotwa, kikapona, kikachotwa tena, na mzazi anayeona mwanawe kafungwa bandeji kichwani wakati moto ulimpata kifuani ana haki ya kuelezwa sababu kabla ya upasuaji.

Si kila kiraka cha ngozi huwa chembamba. Kwenye kope, usoni na vidoleni, wapasuaji hupenda ngozi kamili, ya juu na ya chini pamoja, kwa kuwa haijikunji sana baadaye. Hiyo hutolewa penye ngozi ya ziada: nyuma ya sikio, juu ya mtulinga, kinenani. Palipotolewa hushonwa, maana hapajiponyi hivihivi. John Reissberg Wolfe, daktari wa macho wa Glasgow, alitengeneza kope kwa ngozi kamili ya mkono wa mgonjwa mwenyewe mwaka 1875, na jina lake bado linatajwa vyumbani mwa upasuaji. Tahadhari moja kuhusu kinena: mtoto akichotwa ngozi karibu mno na sehemu za siri ili kutengenezewa kiganja, siku akibalehe kiganja nacho hubalehe kwa kuota nywele.

Wajua kwamba kwetu sisi weusi kiganja kikiwekewa ngozi ya paja hubaki cheusi? Ngozi ya kiganja na ya wayo ni ya aina yake: nene, ngumu, isiyo na nywele, na kwa watu weusi ina rangi nyepesi kuliko mwili wote. Mpasuaji mwenye jicho hutafuta inayofanana nayo kwenye uvungu wa wayo, pale pasipokanyaga chini. Mtu anayepeana mkono na watu kila siku si haki kuambiwa kwamba rangi ni urembo tu.

Sasa tuingie ndani. Kipande cha ngozi kimekatwa na mishipa yake yote ya damu. Kwa nini hakiozi?

Kwa sababu hunywa. Katika saa 48 za kwanza, kiraka hufyonza majimaji yanayotoka kwenye kidonda na kuishi kwa hayo. Huvimba, na uzito wake unaweza kuongezeka kwa asilimia 40. Siku ya 2 au ya 3, ncha za mishipa midogo ya kidonda hukutana na ncha za mishipa iliyokatwa ya kiraka, zikaungana mdomo kwa mdomo. Mishipa mingine mipya huchipuka na kuingia. Kati ya siku ya 5 na ya 7 damu inapita sawasawa, na hapo wauguzi husema kiraka kimeshika.

Ndiyo maana bandeji ya kwanza kwa kawaida huachwa mpaka karibu siku ya 5. Hapa ndipo ndugu wa mgonjwa hupata tabu. Shangazi kasafiri kutoka kijijini, anataka kuona. Baba anasikia harufu, anadai kidonda kimeachwa. Waelezwe mapema. Mishipa inayoungana siku hizo ni myembamba kupita kiasi, na kiraka kikiteleza milimita chache tu, yote hukatika. Damu kidogo ikiganda chini yake, kiraka hakigusani na kidonda, hakinywi, kinakufa. Kwa ajili hiyo daktari hufunga bonge la shashi juu yake kwa nyuzi, au hutoboa kiraka vitundu ili majimaji yatoke, au huufunga mguu plasta ngumu usikunjike.

Adui mwingine ni kidudu kiitwacho streptokoka. Hutoa kimeng'enyo kinachoyeyusha utandu wa faibrini unaokishikiza kiraka kwenye kidonda, na kazi ya saa nyingi hupotea kwa siku moja au mbili. Sigara nayo imo kwenye orodha: nikotini hubana mishipa midogo ileile inayotafutwa.

Kiraka hakishiki juu ya mfupa mtupu, wala juu ya kano iliyovuliwa utando wake. Hapo hapana mishipa ya damu ya kukilisha. Inabidi ihamishwe ngozi pamoja na mishipa yake, na kazi hiyo ni ya kale kuliko kiraka chenyewe. Nchini India, mafundisho yanayohusishwa na tabibu Sushruta, yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000, yanaeleza jinsi ya kumtengenezea pua mtu aliyekatwa pua. Mwaka 1794 gazeti la Gentleman's Magazine la London lilisimulia habari za Cowasjee, mwendesha mkokoteni wa ng'ombe katika jeshi la Waingereza, aliyetekwa na askari wa Tipu Sultan, mtawala wa Kihindi aliyepigana na Waingereza, na kukatwa pua na mkono. Aliyemtengenezea pua mpya alikuwa mtu wa tabaka la wafinyanga matofali, na ngozi ilitoka kwenye paji la uso wa Cowasjee mwenyewe, ikageuzwa kuelekea chini bila kukatwa shina lake mpaka iliposhika. Miaka 20 baadaye, mwaka 1814, Joseph Carpue aliiga njia hiyo London. Madaktari wa Ulaya walijifunza kutoka kwa mfinyanzi, na ni vizuri kulisema hilo kwa sauti.

Kiraka huru, kinachokatwa kabisa na kuhamishwa kufunika kidonda, kilipata jina Ulaya mwaka 1869. Jacques-Louis Reverdin, kijana wa Uswisi aliyekuwa akifanya kazi Paris, aliinua vipande vidogo sana vya ngozi kwa ncha ya kisu na kuvipanda juu ya kidonda kibichi. Kila kipande kikawa kisiwa, na ngozi ikasambaa kutoka hapo. Miaka michache baadaye Louis Ollier wa Ufaransa na Carl Thiersch wa Ujerumani walianza kuchota utandu mpana badala ya vipande vidogo.

Tatizo lilikuwa kisu. Kuchota ngozi ya unene mmoja kwa mkono mtupu kunataka kipaji, na mgonjwa ndiye hulipa kosa la mwenye kisu. Mwaka 1939, Earl Padgett wa Kansas alitoa mashine yenye pipa dogo lililopakwa gundi, inayochota unene uliopangwa. Harry Brown, daktari wa Kimarekani, alibuni kisu cha umeme akiwa mfungwa wa vita mikononi mwa Wajapani, akakitoa hadharani mwaka 1948. Wodini leo bado utakuta kisu cha mkono na cha umeme vikifanya kazi bega kwa bega, kutegemea bajeti na umeme wa siku hiyo.

Swali la ndugu wa mgonjwa: kwa nini ngozi yake mwenyewe? Mama yupo, kaka yupo, wako tayari kutoa.

Jibu lilipatikana wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1943, Peter Medawar na Tom Gibson walieleza habari za mwanamke aliyeungua vibaya na kutibiwa Glasgow. Walimwekea vipande vya ngozi yake na vipande vya ngozi ya kaka yake. Vyake vilishika. Vya kaka vilianza vizuri, kisha vikaharibika. Wakaweka tena vya kaka yuleyule, na mara ya pili viliharibika upesi zaidi. Mwili ulikuwa umekumbuka. Hapo ikajulikana kwamba kinachokataa ngozi ya mtu mwingine ni kinga ya mwili, ileile inayopigana na vijidudu. Medawar alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1960, na upandikizaji wa figo na moyo unaousikia leo umejengwa juu ya vipande vile vya ngozi.

Pacha wanaotokana na yai moja ndio wanaosalimika. Boston, Desemba 23, 1954, Joseph Murray alihamisha figo kutoka kwa pacha mmoja kwenda kwa mwenzake, na ikafanya kazi. Kabla ya hapo aliwabadilishia vipande vya ngozi ili ahakikishe ni pacha kweli. Vilishika. Murray naye alikuwa mpasuaji wa ngozi, aliyeanza na askari walioungua.

Halafu kuna Winston Churchill. Baada ya vita vya Omdurman nchini Sudan mwaka 1898, daktari alitaka ngozi ya kumfunika afisa mwenzake, Richard Molyneux, aliyekatwa upanga. Churchill alitoa kipande mkononi mwake, na kwenye kitabu chake My Early Life alisimulia kwamba rafiki yake bado alikuwa nacho. Kwa yale aliyogundua Medawar, kipande hicho kwa kawaida kingekataliwa baada ya wiki chache, na kidonda kikafunga kwa kovu la Molyneux mwenyewe. Kovu la Churchill, hilo halina ubishi.

Ngozi ya marehemu au ya nguruwe hutumika hospitalini, lakini kwa muda tu. Hufunika kidonda, huzuia maji na joto kupotea, kisha huondolewa wakati ngozi ya mwenyewe inapopatikana.

Na ngozi ya mwenyewe ina mwisho. Kiganja cha mgonjwa pamoja na vidole vyake ni asilimia 1 ya mwili wake. Mkono mzima wa mtu mzima ni 9. Mguu mzima ni 18. Aliyeungua asilimia 70 amebakiwa na 30 za kumponya, na ndani ya hizo 30 kuna uso na nyayo ambazo huwezi kuchota ovyo. Lori la mafuta lilipolipuka Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, na kuua watu zaidi ya 100, majeruhi wengi walikimbizwa hospitali ya Muhimbili. Ukisoma habari za namna hiyo, fanya hesabu ya ngozi. Ndiyo hesabu inayofanyika wodini.

Kwa hiyo, wajua kwamba kiraka kinaweza kutanuliwa? Tangu mwaka 1964, alipoonyesha James Tanner, kiraka hupitishwa kwenye mashine inayokikata mikato midogo mingi, kikavutwa kikawa tobo tobo kama jarife. Kipande kimoja hufunika eneo mara 3, na wakati mwingine mara 6 au zaidi. Matobo hufungwa na seli zinazotambaa kutoka kwenye nyuzi. Alama hubaki maisha, na usoni wapasuaji huikwepa. Njia nyingine, ya Cicero Parker Meek ya mwaka 1958, hukata ngozi vipande vya mraba. Kwa mashine ya siku hizi, kipande chenye upande wa milimita 42 hutoa vipande 196, kila kimoja kina upande wa milimita 3.

Kikibaki kiraka cha ziada hakitupwi. Hufungwa kwenye shashi yenye maji ya chumvi, kikawekwa kwenye jokofu la nyuzijoto 4, na kwa wiki 2 hivi bado kinaweza kutumika. Kiandikwe jina la mwenyewe.

Maabara nazo zimo. Mwaka 1975, James Rheinwald na Howard Green wa Marekani walifanikiwa kuotesha seli za ngozi ya juu ya binadamu nje ya mwili. Mwaka 1983, ndugu wawili, watoto wa Wyoming walioungua zaidi ya asilimia 95 ya mwili, walipelekwa Boston na kufunikwa sehemu kubwa kwa ngozi iliyooteshwa kutoka kwenye vipande vyao vidogo. Waliishi. Mwaka 2015, mtoto wa miaka 7 nchini Ujerumani, mwenye ugonjwa wa kurithi unaofanya ngozi ibambuke, alichukuliwa seli. Michele De Luca na wenzake wa Modena, Italia, wakaziingizia nakala nzima ya jeni iliyoharibika, wakaotesha ngozi, na asilimia 80 hivi ya ngozi yake ya juu ikabadilishwa. Nchini Australia, Fiona Wood wa Perth hunyunyizia kidonda seli za mgonjwa mwenyewe zilizo kwenye maji, njia iliyopata umaarufu alipowatibu majeruhi wa mabomu ya Bali mwaka 2002. Ngozi ya maabara ni nyembamba, huchanika upesi, na bei yake si ya wodi zetu. Kwetu, kisu na paja bado ndiyo tiba.

Wajua kwamba shirika la afya la AMREF lilizaliwa na wapasuaji wa ngozi? Archibald McIndoe, mzaliwa wa New Zealand, aliwatibu marubani walioungua katika Vita vya Pili vya Dunia, huko East Grinstead, Uingereza. Aligundua kwamba walioangukia baharini walipona vizuri kuliko walioanguka nchi kavu, akaanza kuwaogesha kwa maji ya chumvi. Mwaka 1941 wagonjwa wake walianzisha chama, wakakiita Guinea Pig Club, jina la mnyama wa maabara, kwa kuwa walikuwa wakifanyiwa majaribio. Mweka hazina walimchagua aliyeungua miguu, asije akakimbia na fedha. Vita vilipokwisha, McIndoe alikuwa na shamba upande wa Kilimanjaro. Mwanafunzi wake Michael Wood alikuwa mpasuaji Kenya, na wa tatu alikuwa Thomas Rees wa Marekani. Kwa kuona jinsi majeruhi wa vijijini walivyofika hospitalini wakiwa wamechelewa, na viungo vimekwisha kukunjamana, mwaka 1957 wakaanzisha madaktari wanaosafiri kwa ndege. Ndege zile zinazotua kwenye viwanja vya vumbi asili yake ni vidonda vya moto.

Sato tunayemkaanga ana jamaa zake Brazili waliogeuka bandeji. Watafiti wa Fortaleza husafisha na kuua vijidudu kwenye ngozi ya samaki huyo, kisha huilaza juu ya jeraha la moto. Haishiki ikawa ngozi yako. Hufunika tu mpaka chini papone. Huko Mumbai, jani la mgomba lililotakaswa limejaribiwa kufunika paja lililochotwa, likafaa: halinati, mgonjwa halii likiondolewa, na bei yake ni ndogo mno. Lakini limetakaswa hospitalini. Usiende kukata la shambani.

Moto peke yake haumalizi habari hii. Donda la mguu la mwenye kisukari au selimundu, na ajali ya bodaboda iliyovua ngozi, yote huishia kwenye paja. Donda la Buruli, lililopewa jina la eneo la Uganda karibu na Mto Nile, na ambalo Albert Cook wa hospitali ya Mengo alilieleza tangu mwaka 1897, hutibiwa kwa dawa za kuua bakteria kwa wiki 8. Likishakuwa pana, hufunikwa kwa ngozi ya mwenyewe.

Baada ya kuruhusiwa kurudi nyumbani, wengi huona kazi imekwisha. Kiraka chembamba hujikunja kwa miezi, na mkono usionyooshwa kila siku hukunjamana ukabaki hivyo. Hakitoi jasho wala mafuta, kwa hiyo kinataka kupakwa mafuta yasiyo na manukato, na mwenye viraka vingi hushindwa na joto la Dar es Salaam au Mombasa kuliko wenzake. Hisia hurudi taratibu, nusunusu, kwa mwaka au zaidi. Maji ya moto yapimwe kwa mkono mwingine. Jua hukifanya cheusi kwa mabaka, basi kifunikwe.

Na leo, mtoto akimwagikiwa uji au chai: maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20, kisha kitambaa safi na safari ya hospitali. Dawa ya meno, yai, unga wa ngano na mafuta ya taa viache vilipo. Vyote hivyo mpasuaji atalazimika kuviosha kabla ya kuona kidonda. Kidonda cha moto ambacho wiki 3 zimepita bila kufunga hakitafunga vizuri chenyewe. Mpeleke mgonjwa.